Ganda la Kamba na Miaka Mia Mbili ya Kusubiri

Mwaka 1811, katika mji wa Nancy mashariki mwa Ufaransa, mkuu wa bustani ya mimea aliyeitwa Henri Braconnot alikuwa akichemsha uyoga. Alitaka kujua uyoga umeundwa na nini hasa. Akautia katika maji ya magadi, akauchemsha, akausuuza, akauchemsha tena, mpaka kila kilichokubali kuyeyuka kikawa kimeyeyuka na kumwagwa. Chunguni kikabaki kitu cheupe, chororo, kisichojali maji wala magadi. Akakipa jina la fungini, kutokana na neno la Kilatini la uyoga, akaandika aliyoyaona, kisha akaendelea na kazi nyingine. Machicha yale ya uyoga, ambayo mtu mwingine angeyatupa, ndiyo chimbuko la habari yote inayofuata.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1823, Mfaransa mwingine, Auguste Odier, aliifanya kazi hiyohiyo kwa mbawakawa. Alizitenga mbawa ngumu za juu, zile zinazomfunika mdudu mgongoni, akazichemsha katika potasi, akabakiwa na kitu cha namna ileile. Aliazima neno la Kigiriki la vazi, chiton, akakiita kitini. Jina lilikaa vizuri, maana mdudu kwa kweli amevaa. Mwaka 1843 Jean Louis Lassaigne akaonyesha kwamba ndani ya kitini mna nitrojeni. Wakati ule ilionekana habari ndogo ya maabara. Miti, nyasi na pamba zimejengwa kwa selulosi, ambayo Anselme Payen alikuwa ameitenga mwaka 1838, na selulosi haina nitrojeni hata chembe. Kitini na selulosi ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili ni minyororo mirefu ya sukari, pete kwa pete. Tofauti ni kwamba katika kila pete ya kitini kimening'inizwa kipande cha ziada chenye nitrojeni. Msomaji na akikumbuke kipande hicho, kwa sababu ndicho kitakachokuja kuua bakteria.

Anayetaka kuelewa kitini inavyofanya kazi katika mwili wa kamba au kaa na aitazame nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe. Mawe ya matumbawe na chokaa hubeba uzito, lakini chokaa peke yake hupasuka, na boriti za mikoko ndizo zinazoishika dari na kuzifunga kuta zisiachane. Ganda la kamba limejengwa vivyo hivyo. Nyuzi za kitini ndizo boriti, protini imezizingira, na chokaa, ileile kalisi kabonati ya matumbawe, imejaza nafasi zilizobaki. Ukiiondoa chokaa kwa asidi na protini kwa magadi, unabaki na boriti tupu.

Boriti hizo Charles Rouget alizichemsha katika potasi kali mno mwaka 1859, akaona jambo ambalo Braconnot hakuliona. Kitini haikuyeyuka katika potasi, ila ilibadilika tabia: ilipotiwa baadaye katika maji yenye asidi kidogo, ikayeyuka. Mwaka 1894 Mjerumani Felix Hoppe-Seyler aliirudia kazi hiyo kwa magamba ya kaa, nge na buibui, naye ndiye aliyekipa kitu hicho kipya jina la kitosani. Kilichotokea ndani, kama tunavyojua sasa, ni kwamba magadi makali huvua kofia iliyofunika nitrojeni katika pete nyingi. Nitrojeni ikibaki wazi, mnyororo mzima hupenda maji yenye uchachu. Siki ya jikoni iliyozimuliwa inatosha. Unga wa kitosani hutiwa humo ukawa ute mzito, ute humwagwa juu ya kioo na kuachwa ukauke, na asubuhi hubanduliwa utando mwembamba unaopitisha mwanga, ambao hutoa mlio ukiukunja. Hiyo ni plastiki. Hakuna tone la mafuta ya petroli ndani yake.

Huku wanakemia wakichemsha magamba, wafanyabiashara walikuwa wakihangaikia kitu kingine, na hangaiko hilo lilipita pwani yetu. Katikati ya karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu. Misafara ilizitoa Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, mabegani mwa wapagazi, na majahazi yakazivusha. Wamarekani walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Tangu mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said bin Sultan, meli za mji wa Salem zilijaa pembe ambazo huko Connecticut zilikatwa kuwa vibao vya piano, na nyingine zikachongwa kuwa mipira ya biliadi. Ndovu hawakuwa wengi kama hamu ya watu. Mwaka 1863 kampuni ya biliadi ya Phelan na Collender ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa yeyote atakayepata kitu cha kushika nafasi ya pembe. John Wesley Hyatt, mpiga chapa wa Albany, aliingia katika kinyang'anyiro hicho, na mwaka 1870 akapata hataza ya seluloidi, iliyotengenezwa kwa selulosi ya pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, ikalainishwa kwa kafuri.

Pamba na kafuri: mmea na mmea. Mwaka 1897, huko Ujerumani, Wilhelm Krische na Adolf Spitteler waliigandisha protini ya maziwa kwa fomaldehaidi wakapata kitu kigumu kilichong'arishwa kuwa vifungo vya nguo na vishikio vya visu. Walikiita Galalith, yaani jiwe la maziwa. Nayataja haya kwa sababu siku hizi plastiki itokanayo na mimea au wanyama huzungumzwa kana kwamba ni wazo la jana, la watu wenye huruma na mazingira. Plastiki za mwanzo zote zilitoka shambani, zizini na msituni. Iliyokuja baadaye ni ile ya makaa na mafuta, na mlango wake ulifunguliwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, aliyechanganya fenoli na fomaldehaidi akapata bakelaiti, plastiki ya kwanza isiyo na kitu cha kiumbe hai.

Kitosani nayo ilipata nafasi yake ya kuingia sokoni, na nafasi hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko kawaida.

Katikati ya miaka ya 1930, mwanakemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, George Rigby, alipata mfululizo wa hataza kuhusu kitosani, zile za mwanzo zikitoka mwaka 1936. Alieleza namna ya kuipata bila kuivunjavunja minyororo yake, na namna ya kuifanya utando na nyuzi. Kazi ilikuwa safi na kamili. Mtu akizichukua hataza hizo leo na pipa la maganda, anaweza kuanza kazi. Lakini tazama kilichokuwa kikitokea katika kampuni hiyohiyo. Tarehe 28 Februari 1935, Wallace Carothers na wenzake walikuwa wamepata polima ambayo ulimwengu ungeiita nailoni. Na tarehe 27 Machi 1933, ng'ambo ya bahari, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI ya Uingereza walikuwa wamekuta nta nyeupe ndani ya chombo cha mgandamizo mkubwa. Nta hiyo ilikuwa polithini. Katika muda wa miaka mitatu hivi, njia panda ya karne nzima ilikuwa wazi mbele ya watu wachache waliovaa makoti meupe.

Waliifuata njia ya nailoni na polithini, kitosani ikasahauliwa. Sitaki kuwahukumu bila haki. Kiwanda hutaka malighafi isiyobadilika. Maganda ya kamba huja kwa msimu, na kamba wa bahari moja hana ganda sawasawa na wa bahari nyingine. Na yeyote aliyewahi kuusahau mfuko wa maganda hayo jikoni kwa usiku mmoja anajua kwamba vumba lake halingoji. Mafuta ya petroli hayaozi na hayana msimu, na tangi la leo ni sawa na tangi la mwaka ujao. Aliyekuwa na hesabu ya faida mbele yake alichagua kama walivyochagua. Kosa lilikuwa katika hesabu yenyewe. Ilikuwa na safu ya gharama ya kutengeneza na safu ya bei ya kuuza, na haikuwa na safu ya mahali kitu kitakapolala baada ya kutumika. Safu hiyo ilikuja kujazwa na wengine. Mfuko wa polithini wenye vishikio, tunaouita rambo, ulipewa hataza mwaka 1965 kwa jina la Msweden Sten Gustaf Thulin. Nusu karne ikatosha kwa mifuko hiyo kuziba mitaro na kuingia matumboni mwa ng'ombe. Rwanda ikaipiga marufuku mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

Turudi nyuma kidogo, maana miaka hiyohiyo ya kusahauliwa ndiyo iliyojibu swali ambalo watengenezaji wa plastiki hawakujisumbua kuliuliza: nani anaila?

Mwaka 1929 kijana wa Uswisi, Albert Hofmann, alimaliza shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Zürich chini ya Paul Karrer. Alikuwa amechukua majimaji ya tumbo la konokono wa mashamba ya mizabibu akaitia kitini ndani yake. Kitini, iliyomshinda Braconnot na magadi yake, ikavunjika polepole kuwa sukari. Konokono alikuwa na ufunguo tumboni. Kisha mwaka 1938, huko California, Claude ZoBell na Sydney Rittenberg wakaonyesha kwamba bahari imejaa bakteria wanaokula kitini. Jambo hili lina ukubwa wake. Viumbe wadogo wa baharini hujivua magamba bila kikomo, na magamba hayo hunyesha kuelekea vilindini usiku na mchana. Kama kusingekuwa na anayeyala, kaboni na nitrojeni ya bahari ingezikwa yote kwenye tope la chini. Bakteria wa kipindupindu mwenyewe, anayejulikana sana katika miji ya pwani hii, ni mmoja wa walaji hao. Hujishikiza kwenye magamba ya viumbe wadogo wa majini, na huko ndiko anakokaa kati ya mlipuko mmoja na mwingine.

Polithini haina konokono wake. Kitini imekuwa na walaji tangu kabla ya mwanadamu kuwapo.

Uzalishaji wa kitosani kwa wingi ulianza Japani katika miaka ya 1970, nchi yenye kaa na kamba wengi na ardhi ndogo ya kutupia taka. Mwanzoni ilitumika zaidi kusafisha maji machafu ya viwandani, kwa kuwa huyakusanya matope yaliyoelea yakazama pamoja. Mwaka 1979, huko Marekani, G. G. Allan na Lee Hadwiger wakatangaza kwamba kitosani huzuia ukungu wa namna nyingi usikue. Baada yao watafiti walianza kuijaribu dhidi ya bakteria mmoja baada ya mwingine, wakiwemo wale wa kuharisha na wa vidonda, wakaona kwamba wengi hawaistahimili.

Sasa kile kipande cha nitrojeni. Kikiwa kimevuliwa kofia, na mahali pakiwa na uchachu kidogo, hudaka chaji chanya. Ngozi ya bakteria ina chaji hasi. Mnyororo wa kitosani huvutwa ukajibandika juu yake sehemu nyingi kwa pamoja, ngozi ikavurugika, na vilivyomo ndani vikaanza kuvuja. Chembe nyekundu za damu pia zina chaji hasi, na kitosani huzikusanya vilevile. Daktari Kenton Gregory na wenzake wa Oregon walitengeneza kwa ganda la kamba bendeji ya kuzuia damu, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2002, na wanajeshi wakaenda nayo Afghanistan na Iraq. Kitu ambacho mama lishe hukitenga pembeni mwa sinia ndicho kilichofunga majeraha yao.

Hapa wengi hukwama, na ni haki yao kukwama. Kuoza ni kazi ya vijidudu. Kitu kinachoua vijidudu kitaozaje?

Jibu linaanzia kwenye ule uchachu. Nyama, samaki na matunda yaliyokatwa huwa na uchachu kidogo juu yake, na utando wenyewe umetengenezwa kwa siki. Hapo nitrojeni ina chaji yake na utando unafanya kazi. Katika udongo wa kawaida uchachu hupungua, chaji hulegea, na makali hayo hufifia. Pili, kitosani huua kwa kugusa. Haitoi sumu inayotiririka kwenda mbali, kama zifanyavyo plastiki zilizotiwa chembe za fedha au triklosani, dawa ambayo Marekani iliiondoa katika sabuni za kunawia mwaka 2016. Kijidudu kilichoko hatua moja kutoka kwenye utando kiko salama, na kinaweza kumwaga vimeng'enya vyake kutoka hapo. Na vimeng'enya vipo tele: kila mdudu aliyekufia shambani na kila uyoga uliooza chini ya mti umekuwa ukiufundisha udongo kula kitini kwa mamilioni ya miaka. Mnyororo ukikatwa vipande vifupi, unageuka chakula. Kuua na kutoua kunatoka katika kipande kilekile cha nitrojeni, na kinachoamua ni mahali kilipo. Sijui plastiki ya mafuta yenye adabu kama hiyo.

Yapo matatizo, na asiyeyataja anawadanganya watu. Utando wa kitosani hunywa maji. Hauwezi kuvumilia chai ya moto mpaka uchanganywe na kitu kingine. Kuipata kitosani kwenyewe kunahitaji asidi ya kuondoa chokaa na kostiki kali, ileile ya watengeneza sabuni, tena moto. Maji yanayobaki yakimwagwa mtoni bila kusafishwa, faida yote imepotea. Ndiyo maana mwaka 2015 Ning Yan na Xi Chen wa Singapore waliandika wakihimiza njia za kuligawa ganda kwa upole. Walikadiria kwamba dunia huzalisha tani milioni 6 hadi 8 za mabaki ya magamba ya kaa na kamba kila mwaka, na nyingi hutupwa. Na kuna ulaghai wa jina. Kwa miaka mingi iliuzwa mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza, kumbe ni polithini iliyotiwa dawa ya kuimegua iwe chembe ndogo zisizoonekana. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa agizo la mwaka 2019. Kumegeka si kuoza.

Kazi inaendelea katika mikono mingi. Huko Misri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nile wakishirikiana na wenzao wa Nottingham, Uingereza, wamekausha maganda ya kamba, wakatoa kitosani, na kutengeneza tando za mifuko na za kufungia vyakula. Mahali pengine kitosani huchanganywa na wanga wa muhogo au na mafuta ya mimea yenye harufu kali, na mafuta ya karafuu ni miongoni mwa yanayopendwa zaidi. Mkulima wa Pemba hahitaji kuelezwa sababu. Eujenoli, kiini cha mafuta hayo, ndiyo dawa ambayo madaktari wa meno wameitumia miaka mingi. Na haitoki kwenye karafuu yenyewe tu. Makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, hutolewa mafuta hayohayo, na Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachofanya kazi hiyo. Ganda la kamba na konyo la karafuu, mabaki mawili, huweza kukutana katika utando mmoja wa kufungia samaki. Kisiwani humo vyote viwili vipo, na umbali kati yao ni mwendo wa bodaboda.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanywa Marekani, katika Taasisi ya Wyss ya Chuo Kikuu cha Harvard. Javier Fernandez na Donald Ingber walikuwa wameanza kwa kuunganisha kitosani ya kamba na protini ya hariri, wakiiga bawa la mdudu. Mwaka 2014 wakaendelea na kitosani, wakatafuta namna ya kuifinyanga bila kuivunja, wakatoa vikombe na vyombo vya kuwekea mayai kwa mashine za kawaida za kiwanda. Kisha wakataka kuona mwisho wake. Waliichanganya plastiki hiyo na udongo, wakapanda mbegu.

Mbegu waliyoichagua ilikuwa ya kunde: zao lililoanza kulimwa Afrika, likavuka Atlantiki pamoja na watu waliochukuliwa utumwani, na kule likaota mizizi mpaka likapewa majina ya huko. Katika muda wa wiki tatu kunde ile iliota katika udongo uliokuwa ukiila plastiki, ikasimama, ikatoa majani.